Ajali: Neno la Deni, la Mauti na la Barabarani



Mzee akifariki kitandani mwake, hali amezungukwa na wajukuu, jirani wa rika lake aweza kusema matangani: "Ajali yake imefika." Kijana aliyeketi pembeni atauliza marehemu aligongwa na gari gani. Wote wawili wasema Kiswahili, na neno ni lile lile. Jioni hii nakusudia kulifuata neno hilo tangu lilikotoka, maana safari yake imetuachia tatizo ambalo si la kamusi peke yake.

Kwa kufa kwenyewe lugha yetu haikuhitaji kukopa. Kitenzi -fa ni cha Kibantu, na kifo na mfu ni watoto wake. Mauti yalitoka katika Kiarabu, yakaja kama jina la jambo lile lile. Ajali ilikopwa kwa haja nyingine. Katika Kiarabu ajal si kifo. Ni muda uliowekewa mwisho. Kurani hulitumia neno hili katika aya ndefu ya sura ya Al-Baqara inayoagiza kuandikiana deni la muda maalumu, na tena katika kisa cha Musa, alipopatana na mkwewe idadi ya miaka ya kumtumikia. Ni neno la mkataba. Likielekezwa kwenye uhai, maana yake ni kwamba mtu ameazimwa siku zake, na tarehe ya kurejesha imekwisha kuandikwa; haitangulizwi wala haisogezwi mbele.

Hapa yafaa kuondoa matata mawili. Mtu aweza kudhani kwamba ajali ni jamaa ya jaala na majaaliwa, kwa kuwa maana zimekaribiana; lakini hayo yatokana na mzizi mwingine, wenye ayn katikati. Pia Kiarabu kina ajal ya pili, ianzayo kwa ayn, yenye maana ya haraka. Kiswahili hakitofautishi hamza na ayn, kwa hiyo sikio haliwezi kutuamulia. Maana ndiyo inayoamua: ajali ya wazee wetu haikuwa na haraka yoyote. Ndugu yake wa kweli twamtamka kila siku bila kumtambua, naye ni ajili katika kwa ajili ya.

Kamusi ya A. C. Madan, iliyochapishwa mwaka 1903, yaipa ajali maana ya majaaliwa, na hasa mauti. Leo maana inayotangulia akilini ni msiba wa ghafla. Ushahidi wa mageuzi hayo haumo katika fasili tu. Umo katika sarufi. Ajali ya kale ilikuwa na mwenyewe: ajali yangu, ajali yake. Haikuhesabika, kwani kila mtu alikuwa na moja tu. Nayo ilifika au iliwadia, kama ifikavyo siku. Ajali ya leo hutokea. Huhesabiwa, tatu au kumi. Na mara nyingi hutajwa kwa chombo badala ya mtu: ajali ya gari, ajali ya meli. Kwa maoni yangu, daraja baina ya maana hizi ni sentensi kama "Amekufa kwa ajali." Msemaji alikusudia siku iliyoandikwa, msikilizaji, akiliona gari limepinduka, akaelewa gari.

Si sisi peke yetu. Kituruki kilichukua neno hilo hilo, ecel, kikaliacha penye saa ya kufa, na Kiindonesia vivyo hivyo. Lakini msiba wa barabarani Waturuki huuita kaza, na kaza asili yake ni neno la Kiarabu la hukumu iliyokwisha kukatwa na Mungu. Lugha mbili zisizo na udugu zimeondoka na maneno mawili tofauti ya majaaliwa, zikayatua mahali pamoja.

Sasa tuitazame methali: Ajali haina kinga. Kwa maana ya kale ni kweli tupu, kwani siku iliyoandikwa haizuiliki. Methali haikubadilika hata silabi moja, ila neno lililomo limebadilika, na sasa husemwa kando ya basi lenye breki mbovu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa abiria 101; waliokufa peke yao walizidi 200. Twaliita tukio hilo ajali, wala si kosa la lugha. Kosa huingia pale mtu anapoongeza kwamba haina kinga, maana hapo ametumia neno jipya kwa hoja ya neno la zamani, na wenye dhamana ya chombo hupata upenyo wa kupita bila kuulizwa. (Watu wa bima hawakudanganyika: kinga ya ajali waliiuza tangu zamani.)

Kwa watunga kamusi, basi, napendekeza ajali iingizwe kama vidahizo viwili, na methali iwekwe chini ya kile cha kwanza.