Saruji: Neno Kongwe, Utafiti Mpya

Wanafunzi wengi hudhani kwamba "saruji" ni tafsiri tu ya "simenti". La hasha. Neno hili lina asili ya Kiajemi, na kitu chenyewe ni kikongwe. Huko Oman mafundi walichoma udongo wa mfinyanzi, wakautwanga, wakauchanganya na chokaa, kisha wakajengea mifereji ya maji.

Mwaka 1824 Joseph Aspdin wa Uingereza alipewa hataza ya simenti ya Portland. Simenti ya aina hiyo tunayoitumia leo ina nguvu, lakini huchomwa hadi nyuzi 1450 hivi za Selsiasi, na mawe ya chokaa yenyewe hutoa hewa ya ukaa yanapoungua. Simenti huchangia takriban asilimia 8 ya hewa hiyo inayotokana na shughuli za binadamu.

Kutokana na haja ya kuielewa simenti kwa undani, mwaka 2004 vyuo vikuu na viwanda vya Ulaya viliunda mtandao wa Nanocem, uliolea watafiti vijana. Aidha, Karen Scrivener wa chuo cha EPFL, Uswisi, akishirikiana na wataalamu wa Cuba na India, aliendeleza saruji ambayo karibu nusu yake ni udongo uliochomwa kwa joto dogo zaidi pamoja na mawe ya chokaa mabichi. Naam, udongo wa kuchoma umerudi!

Walimu wenzangu, fundi wetu atafundishwa saruji hiyo kwa Kiswahili. Je, istilahi tumemwandalia?