Person of Interest (tamthilia)

Person of Interest ni tamthilia ya kijasusi ya Marekani iliyobuniwa na Jonathan Nolan na kurushwa na kituo cha CBS kuanzia tarehe 22 Septemba 2011 hadi 21 Juni 2016. Ina misimu 5 yenye vipindi 103.

Jim Caviezel anaigiza kama John Reese, jasusi wa zamani wa CIA, na Michael Emerson kama Harold Finch, tajiri aliyeiundia serikali kompyuta inayoitwa "Mashine". Kazi ya Mashine ni kubaini magaidi kwa kuchambua kamera, simu na barua pepe. Watu wa kawaida walio hatarini serikali haiwajali, Finch anawajali. Simu ya kulipia mtaani New York huita, naye hupewa na Mashine namba ya utambulisho ya mtu mmoja tu, bila kuambiwa kama ni mhanga au mhalifu.

Finch humtuma Reese kumfuatilia mtu huyo, na kifaa kikuu cha Reese ni simu ya mkononi. Akimkaribia mtu, huiunganisha na simu ya mtu huyo kwa Bluetooth bila mwenyewe kujua, kisha husikiliza kila neno. Mtazamaji naye huonyeshwa jiji kwa macho ya Mashine: kisanduku cheupe humzunguka mpita njia, chekundu humzunguka anayetishia.

Ubora mkubwa wa tamthilia hii ni kutangulia wakati. Edward Snowden alifichua jinsi shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilivyofuatilia mawasiliano ya watu Juni 2013, wakati tamthilia hii ilikuwa imeshamaliza misimu 2.