Chungu cha Urewe, Darasa la Kampala

Milimani ya Kisumu ni mtaa wa miti mikubwa na nyua pana, uliopangwa enzi za ukoloni kwa ajili ya maofisa waliopenda upepo wa ziwa lakini hawakutaka kelele za bandari. Nyumba kadhaa za zamani sasa ni ofisi na nyumba za wageni. Panda bodaboda kuelekea kusini, na muda si muda uko Dunga, ambako mitumbwi imevutwa ufuoni ikiwa imeandikwa majina na kupakwa rangi kali. Geuza uelekee barabara ya Nairobi, utafika Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yenye boma zima la Kijaluo liitwalo Ber-gi-dala, nyumba ya kila mke ikiwa mahali pake. Uchoraji upo, ujenzi upo, ufinyanzi upo. Kilichokosekana kwa miaka mingi ni darasa. Kijana wa Nyanza aliyetaka kusomea sanaa hadi chuo alilazimika kwenda ng'ambo ya ziwa.

Njia ya kwenda huko ilikuwa imeshazoeleka. Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901, na mpaka njia nyingine ya reli ilipofika Kampala mwaka 1931, abiria wa Uganda walimalizia safari yao kwa meli. Shule za misheni za upande huu, Maseno ya mwaka 1906 ikiwa mbele, nazo zikazoea kukitazama chuo cha Makerere, Kampala, kama ngazi inayofuata. Jaramogi Oginga Odinga alisoma Maseno na hatimaye akafika Makerere, akawa mwalimu. Wengine walirudi na ujuzi wa tiba au kilimo. Wachache sana walirudi wakiwa na patasi na nyundo.

Darasa lenyewe lilianzia barazani. Mwaka 1937 Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea sanaa katika shule ya Slade mjini London, aliwakusanya wanafunzi wachache kwenye veranda ya nyumba yake huko Mulago, Kampala. Mumewe, Hugh Trowell, alikuwa daktari. Kabla ya Uganda wawili hao walikuwa wameishi Kenya tangu mwaka 1929, na ni huko, miongoni mwa Wakamba, ambako Bi Trowell alianza kuzitazama kwa makini kazi za mikono za Waafrika. Miaka miwili tu baada ya kuanza barazani, kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London, katika Imperial Institute. Darasa likawa sehemu ya Makerere, na shule iliyotokana nalo ina jina lake hadi leo.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa na uzuri wake na kasoro yake. Hakuwawekea wanafunzi picha za Ulaya wazinakili. Aliwasimulia jambo, kwa mfano siku ya soko au kisa cha Biblia, kisha akawaacha wachore walichokiona vichwani mwao. Aliamini kwamba kumwonyesha Mwafrika michoro ya Kizungu mapema mno kungemharibu. Ni ulinzi wa aina yake, lakini mlinzi ndiye aliyekuwa na funguo: yeye mwenyewe alikuwa ameisoma historia ya sanaa ya Ulaya, na ndiye aliyeamua nani aione na lini.

Miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwemo Gregory Maloba, aliyezaliwa mwaka 1922 upande wa Mumias, kaskazini mwa Kisumu. Maloba alichonga. Sanamu yake ya mti iitwayo "Kifo", ya mapema miaka ya 1940, bado hutajwa kila inaposimuliwa historia ya uchongaji wa kisasa Afrika Mashariki. Alikwenda Uingereza kuongeza masomo huko Corsham, akarudi Makerere kufundisha, na Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962 ndiye aliyetengeneza Mnara wa Uhuru wa Kampala: mama aliyefungwa kamba mwili mzima akimwinua mtoto anayenyoosha mikono juu. Maelfu hupita chini yake kila siku, na ni wachache wanaojua kwamba aliyeuunda ni mtu wa Magharibi ya Kenya.

Mwaka 1958 Trowell aliondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Cecil Todd kutoka Afrika Kusini. Upepo ukageuka. Todd aliona kwamba kumficha mwanafunzi historia ni kumdunisha. Akaleta nadharia ya rangi, uchoraji wa kuangalia kitu chenyewe, na historia ya sanaa ya Magharibi. Wanafunzi waliokuwa wakilindwa dhidi ya Ulaya sasa wakatakiwa kuijua.

Wanahistoria wa sanaa hupenda kuwapambanisha wawili hao, na kila kizazi cha Makerere kina upande wake. Lakini ukiisoma hadithi hii ukiwa Kisumu, tofauti yao inapungua. Kwa Trowell, mwanafunzi wa ziwani alikuwa na kipaji lakini historia yake ilibaki nje ya somo. Kwa Todd, historia ilikuwepo, ila ilianzia mbali.

Kumbe historia ilikuwa chini ya miguu yao. Mwaka 1948 Mary Leakey, W. E. Owen na Louis Leakey walichapisha utafiti wa vyungu vilivyopatikana katika eneo lililoitwa Kavirondo ya Kati, mahali paitwapo Urewe, Siaya ya leo. Vyungu hivyo vilikuwa na alama ya pekee: kishimo kidogo kitakoni, kana kwamba mfinyanzi alikibonyeza chungu kwa kidole kabla ya kukianika. Shingoni na mabegani vilichorwa mistari iliyopangwa kwa uangalifu mkubwa. Baadaye vyungu vya mtindo huohuo vilipatikana katika eneo kubwa la Maziwa Makuu, hadi Rwanda, Burundi na Kagera, na sasa vinahesabiwa miongoni mwa kazi za wakulima na wafua chuma wa kwanza wa ukanda huu, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Duniani kote wanaakiolojia huviita kwa jina la kijiji hicho. Jambo la kushangaza ni kwamba Urewe iliingia kwenye vitabu vya akiolojia, ikachelewa sana kuingia kwenye madarasa ya sanaa.

Na ufinyanzi wenyewe haukuwa umekufa. Mwishoni mwa karne ya 20, Ingrid Herbich, aliyeishi na kufanya utafiti miongoni mwa wafinyanzi wa Kijaluo, alieleza namna ujuzi unavyorithishwa. Mwanamke hufinyanga kwa kupandisha kamba za udongo moja juu ya nyingine, bila gurudumu. Lakini mara nyingi hajifunzi kwa mama yake mzazi. Hujifunza baada ya kuolewa, kwa mama mkwe, na mikono yake hulazimika kufuata mtindo wa boma alikoolewa: umbo la dapi, yaani chungu cha maji, upana wa mdomo, nakshi za shingo. Hata aliyekuja akiwa anajua kazi huanza upya. Kama hiyo si shule yenye mwalimu, mtaala na mtihani, basi neno shule lina maana finyu mno.

Turudi vyuoni. Baada ya uhuru Nairobi ilianza kujitegemea. Katika University College ya Nairobi, iliyopata jina hilo mwaka 1964, idara ya sanaa iligeuzwa kuwa ya usanifu wa vitu na michoro, kwa hoja kwamba nchi changa inahitaji wabunifu wa viti, vyombo na mabango kuliko wachoraji wa picha za ukutani. Mmoja wa walioisukuma hoja hiyo kwa nguvu alikuwa Selby Mvusi kutoka Afrika Kusini, mchoraji, mshairi na mwalimu, aliyefariki kwa ajali ya barabarani mwaka 1967 kabla hajayaona matunda. Maloba alihamia huko kutoka Makerere, akaiongoza idara. Hoja ya Mvusi haikuwa mbaya. Ila iliacha pengo: aliyetaka kuchonga na kuchora tu, pamoja na kuisoma historia ya kazi hizo, bado aliitazama Kampala.

Kisha Kampala nayo ikaharibika. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa, kila nchi ikabaki na chake. Januari 1971 Idi Amin akapindua serikali. Wasanii wa Uganda wakaanza kuja Kenya, akiwemo Theresa Musoke, aliyefundisha Nairobi kwa miaka mingi. Mchongaji Francis Nnaggenda naye alifundisha hapa kabla ya kurudi Uganda. Safari ya wanafunzi ilikuwa imegeuka: sasa walimu ndio waliokuja upande huu. Kenyatta, iliyopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1985, ikawa tegemeo la walimu wa sanaa wa sekondari. Mchongaji wa sanamu ya Dedan Kimathi iliyozinduliwa Nairobi Februari 2007, Kevin Oduor, alitoka katika chuo hicho.

Nyanza ilipata chuo chake mwaka 1990, pale vyuo viwili vya mafunzo vilivyokuwa Maseno, kimojawapo kikiwa Siriba cha walimu, vilipounganishwa na kuwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi. Mwaka 2001 Maseno ikasimama yenyewe. Sanaa na ubunifu ni miongoni mwa masomo yanayofundishwa huko. Kwa mara ya kwanza, mtoto wa Kondele au wa Milimani angeweza kusomea uchoraji chuo kikuu na kurudi nyumbani kwa matatu jioni hiyohiyo.

Kurudi nyumbani na kuishi kwa kazi hiyo ni habari nyingine. Ushahidi mzuri ni Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru mwaka 1928 na kuwa mwanamke wa kwanza kusoma katika shule ya sanaa ya Makerere, kuanzia 1950 hadi 1952. Alipomaliza, akawa mwalimu, akalima, akalea watoto. Sanaa ikalala kwa miongo mitatu na zaidi. Alipoirudia uzeeni, mwishoni mwa miaka ya 1980, rangi zilikuwa ghali, basi akachukua karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga, akazikatakata vipande vidogo na kuzibandika hadi zikawa kuku, twiga na wanawake wa kijijini. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Studio Museum ya Harlem, New York. Alifariki mwaka 2021. Mtu husoma miaka miwili, husubiri zaidi ya thelathini, na kinachomfungulia mlango ni takataka za jikoni. Vyuo vyetu vingefaa kumfundisha Karuga mwaka wa kwanza, kabla ya mchoraji yeyote wa Paris.

Mfinyanzi Dame Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, naye alipitia njia ndefu. Alikwenda Uingereza mwaka 1971 akikusudia kusomea michoro ya biashara, akaangukia kwenye udongo. Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda Abuja, Nigeria, akajifunza kwa wanawake wa Kigbari kuunda chungu kwa mkono, bila gurudumu, kisha akamalizia Royal College of Art mwaka 1982. Leo vyungu vyake viko katika makumbusho makubwa ya dunia. Kwamba binti mwenye jina la Kijaluo alijifunza kazi hiyo Nigeria, akitokea Uingereza, ni jambo la kumfikirisha yeyote anayepanga mtaala Kisumu.

Shuleni mambo yalikwenda kombo. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliipa sanaa na ufundi nafasi hata katika mtihani wa darasa la nane. Mapitio ya mtaala ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yakaiondoa mtihanini, na somo lisilotahiniwa Kenya huwa ni kipindi cha kumalizia hesabu. Kizazi kizima kilifika chuo kikuu bila kushika brashi darasani. Mji nao ulikosa wa kuufundisha kusoma sanamu. Mwaka 2014 jumuiya ya Singasinga wa Kisumu ilisimamisha mnara barabarani kuadhimisha miaka 100 ya hekalu lao. Waandamanaji wakasema ni ushetani, wakauharibu, ukaondolewa.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa CBC, uliochukua nafasi ya 8-4-4, waliingia darasa la kumi, na mmoja wa mikondo mitatu waliyoweza kuchagua ni wa sanaa na michezo. Wakienda moja kwa moja watabisha hodi vyuoni mwaka 2029. Wahadhiri watakaowapokea Maseno wana muda wa kupanga safari ya kwanza ya darasa. Mfangano, kisiwa chenye michoro ya kale ya rangi nyekundu na nyeupe kwenye miamba ya Kwitone na Mawanga, pamoja na makumbusho ya Abasuba yanayoitunza, hufikiwa kwa boti kutoka Mbita. Urewe haihitaji hata boti.