Kichocheo

Huku Nakuru, tangu machafuko ya baada ya uchaguzi ya 2007 na 2008, kitenzi "chochea" kimebeba uchungu: mchochezi ni mtu wa kuogopwa. Lakini asili yake ni jikoni, kusukuma kuni ndani ili moto uwake, na wanakemia walifanya vyema kuunda kutokana nacho "kichocheo", jina la kitu kinachowezesha mmenyuko wa kemikali. Ili kuona kazi ya kichocheo, litazame jerikani la maji mtaani Naivasha. Limetokana na ethilini, gesi ambayo awali viwanda viliigeuza plastiki kwa kuibana kwa shinikizo kubwa mno. Mwaka 1953 Karl Ziegler, kule Ujerumani, aligundua kwamba kampaundi za titaniamu na alumini huifanya kazi hiyo bila shinikizo hilo: molekuli hujipachika kwenye titaniamu moja baada ya nyingine, mnyororo ukirefuka. Mwanakemia Giulio Natta akaiendeleza mbinu hiyo kwa gesi ya propilini, nao wakapewa Tuzo ya Nobel ya 1963. Titaniamu haiteketei kama kuni. Mnyororo mmoja ukikatika, huanza mwingine. Hapo ndipo kichocheo cha maabara kinapoachana na kuni, na mwalimu wa kemia aliseme hilo waziwazi darasani.