Siku 20 Bila Mtandao

Vijana wapendwa, wengi wenu mmezoea kumjua mgombea kupitia telefoni, kwa maana ndivyo mlivyokuta mambo. Hapa Murara haikuwa hivyo daima. Tarehe 30 Julai 2006, tulipopiga kura huru baada ya zaidi ya miaka 40, wagombea urais walikuwa 33, na aliyetufahamisha habari zao alikuwa redio. Radio Okapi, iliyoanzishwa Februari 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, ilisema kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kikongo na Kiluba. Redio moja ya betri ilitosha kwa uwanja mzima. Mama asiyejua kusoma alisikia maneno yaleyale aliyosikia mwalimu, saa ileile, kisha wakabishana mpaka chakula kikapoa.

Mwaka 2011 ujumbe mfupi wa telefoni ulikuwa umekwisha kuenea. Kura ilipigwa tarehe 28 Novemba. Siku chache baadaye, matokeo yakiwa bado hayajatangazwa, serikali ikafunga SMS nchini kote. Angalieni vema wakati uliochaguliwa. Wagombea waliachwa wajisifu katika kampeni yote. Mlango ulifungwa zamu ya wananchi ilipofika kulinganisha hesabu.

Desta hiyo ilirudiwa juu yetu sisi walei. Tarehe 31 Desemba 2017, Kamati ya Walei ya Uratibu iliwaita waamini watoke baada ya misa, wakiwa na rozari na Biblia mikononi, kudai kuheshimiwa kwa mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka mmoja kabla, kwa upatanishi wa Maaskofu wetu wa CENCO. Intaneti ilikatwa siku hiyo, na watu walipoteza maisha. Ni katika mwezi uliofuata, Januari 2018, ndipo Papa Fransisko alipotoa ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari, akichagua mada ya habari za uongo. Sidhani kwamba alikuwa akitufikiria sisi wa Goma, lakini ulitufaa.

Nakuja sasa kwenye kura ya tarehe 30 Desemba 2018. Siku nne kabla yake, Tume ya Uchaguzi ilikuwa imeahirisha kura ya Beni na Butembo katika jimbo letu, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Watu wa Beni hawakukubali kunyamaza: walipanga foleni na kupiga kura yao ya mfano, kwa karatasi walizotengeneza wenyewe. Kesho yake intaneti na SMS zikakatwa, na baadaye mawimbi ya RFI nayo yakazimwa. Giza hilo lilidumu karibu siku 20, hadi Mahakama ya Katiba ilipokuwa ikithibitisha ushindi wa Félix Tshisekedi mbele ya Martin Fayulu.

Sisi wa mpakani hatukuwa gizani kabisa. Aliyekuwa na laini ya Rwanda alishuka hadi karibu na Petite Barrière, akanasa mtandao wa jirani. Katika shirika letu kijana mmoja alikuwa nayo. Kila jioni tulimngojea kama wanavyongojewa wajumbe, naye, pasipo kupenda, akawa redio yetu, gazeti letu na mwalimu wetu. Jioni ya tarehe 2 Januari 2019 alileta picha ya jedwali: majina ya wagombea, asilimia, na juu yake nembo ya CENCO. Baada ya rozari nililisoma mbele ya wote. Mimi, katekista, kwa sauti ileile ninayosomea Injili. Wazee waliitikia, mama mmoja akapiga vigelegele, na habari ikatoka ikaenda avenu kwa avenu.

Siku iliyofuata Maaskofu wenyewe walisema. CENCO ilikuwa imetuma waangalizi wapatao 40,000, nayo ilitangaza kwamba hesabu zake zilionyesha mshindi mmoja, ikaitaka Tume itangaze ukweli. Haikutaja jina. Haikutoa asilimia. Basi lile jedwali lilitoka wapi? Hakuna aliyejua, wala yule kijana, ambaye naye alitumiwa na mtu aliyetumiwa na mwingine. Nilirudi katika shirika nikakiri kosa, lakini waliosikia kukiri kwangu walikuwa wachache kuliko waliosikia jedwali, na hadi leo nakutana na watu wanaoniambia zile asilimia kana kwamba nimewafundisha katekisimu.

Nililofikiri sana baadaye si telefoni. Sheria ilitaka matokeo ya kila chumba cha kupigia kura yabandikwe mahali penyewe, katika hati ile tunayoiita PV. Asubuhi ya tarehe 31 nilipita mbele ya shule nilikopigia kura. Karatasi ilikuwa mlangoni, imeandikwa kwa kalamu, nami nilikuwa na daftari la mafundisho kwapani. Nilisoma jina la kwanza, nikaona watu wanasongamana, nikaenda zangu kutafuta mtandao. Niliporudi pale baada ya lile jedwali kunichoma moyo, mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, na mlangoni kulibaki gundi tu na pembe moja ya karatasi.