Ukaa

Mtu aliyekabidhiwa dhamana ya kuifikisha elimu ya mazingira kwa wenyeji wa pwani, ambao tangu enzi za mababu wameijua mikoko kwa boriti na kuni zake, hana budi kuyapima maneno yake. Huko Gazi, katika Kaunti ya Kwale, ambako mradi wa Mikoko Pamoja huuza hati za kaboni na kuyatumia mapato yake kwa maji na skuli, msikilizaji aambiwaye kwamba “hewa ukaa” inaleta fedha ana haki ya kuuliza: hewa huuzwaje, na hutiwa katika chombo gani?

Jawabu limo katika neno lenyewe, maadamu ukaa ni jamaa ya kaa la moto na makaa ya jikoni: mti huivuta hewa hiyo, ukaubakisha ukaa mwilini mwake, na sehemu kubwa huzikwa topeni, ambamo vitu, kwa uhaba wa oksijeni, huoza polepole mno. “Kaboni”, wanayoipenda mno wataalamu, nayo asili yake ni makaa, lakini kwa Kilatini, na Kilatini hakisemwi Gazi.

Basi waandaao mihadhara na mabango waseme ukaa, tena wabainishe kwamba kinachouzwa si hewa, bali hati ithibitishayo kiasi kilichohifadhiwa.