Majina ya Mtoni ni Historia

Mto Beaverkill wa milima ya Catskill, jimbo la New York, Marekani, una samaki aina ya trauti, na wavuvi wamevipa majina vilindi vyake vingi. Junction Pool ni pale unapokutana na mto Willowemoc. Ferdon's Pool ni jina la familia iliyokuwa na nyumba ya wageni karibu. Acid Factory Pool lina historia nzito zaidi: jirani palikuwa na kiwanda kilichounguza magogo kupata makaa, spiriti na asidi. Kiwanda hakipo tena. Jina ndilo shahidi wa jasho la waliokata miti ile. Wazazi, tuwaulize wazee wetu asili ya majina ya mito yetu wangali hai.